Maswali na Majibu: Vibwengo katika Enzi ya Malkia Victoria

Safu iliyopita niligusia jinsi waandishi wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) walivyopenda ngano, na maswali yakamiminika. Nimechagua matano. Yaliyokuwa wazi kabisa kwamba ni kazi za darasani nimeyaacha. Hizo mtazifanya wenyewe.

Nchi ilikuwa na reli, viwanda na telegrafu. Ilikuwaje waandishi wakubwa wakashughulika na vibwengo? (Msomaji, Morogoro)

Hizo reli na viwanda ndiyo sababu yenyewe. Sensa ya 1851 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales sasa walikuwa wakiishi mijini. Bibi msimulizi alibaki kijijini, wajukuu wako Manchester. Ngano zilizokuwa zikisikilizwa bure zikaanza kununuliwa madukani: za ndugu Grimm wa Ujerumani zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1823, za Andersen wa Denmark mwaka 1846.

Tena kulikuwa na wakubwa walioona mtoto ashibishwe hesabu na maarifa tu, mengine ni upuuzi. Charles Dickens aliwachora katika *Hard Times* (1854) kwa sura ya Bwana Gradgrind, mtu asiyetaka kusikia chochote ila ukweli mtupu. Kuandika ngano kulikuwa pia kuwajibu kina Gradgrind.

Ni kweli Dickens aligombana na rafiki yake kwa ajili ya hadithi ya watoto? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli, na ni ugomvi ninaoupenda sana. George Cruikshank ndiye aliyechora picha za *Oliver Twist*, na kabla ya hapo ndiye aliyechora picha za ngano za Grimm katika tafsiri ile ya 1823. Baadaye akaacha pombe, akawa mhubiri mkali wa kuikataza. Hilo halikumsumbua mtu, mpaka mwaka 1853 alipoanza kuziandika upya ngano za zamani na kuzitia mahubiri yake.

Dickens alimjibu Oktoba mwaka huohuo katika jarida lake mwenyewe, *Household Words*. Hoja yake: ngano si mali ya mtu mmoja hata aigeuze tangazo la kampeni yake, na taifa lisilo na ndoto halitafika popote. Kisha akaisimulia Cinderella kwa dhihaka, akiijaza kila kampeni iliyokuwa ikivuma wakati ule hadi hadithi ikakosa pumzi. Cruikshank hakusikia. Katika Cinderella yake iliyofuata, mfalme anataka chemchemi za divai siku ya harusi. Mlezi wa Cinderella anampinga kwa hoja ndefu, na mwishowe pombe yote inachomwa moto.

Nakubaliana na Dickens, ila tusimpe utakatifu asiokuwa nao. *A Christmas Carol* (1843) ni mahubiri kutoka mwanzo hadi mwisho, na mizimu ndiyo inayohubiri. Tofauti ni kwamba yeye alitunga hadithi yake mwenyewe. Hakuvunja ya watu.

Mhadhiri wetu anasema Jane Eyre ni hadithi ya Bluebeard. Mimi sioni. (Mwanafunzi, Dodoma)

Rudi sura ya 11. Jane, shujaa wa riwaya hiyo, anapoonyeshwa ghorofa ya tatu ya Thornfield, jumba anakofanya kazi ya ualimu, mwandishi Charlotte Brontë anaufananisha ushoroba wake na wa ngome ya Bluebeard, waziwazi. Bluebeard ni yule bwana tajiri katika ngano ya Mfaransa Perrault (1697), anayemkataza mkewe kufungua chumba kimoja. Ndani mna maiti za wake waliotangulia. Sura inayofuata Jane anasikia kishindo njiani wakati wa magharibi na kumkumbuka Gytrash, zimwi la kaskazini mwa England linalojigeuza farasi au mbwa mkubwa. Anayetokea ni mbwa, kisha Rochester, mwenye jumba, juu ya farasi. Naye baadaye anamtania Jane kwamba ndiye aliyemroga farasi wake.

Ila mhadhiri wako asiishie hapo. Kwa Perrault, mke anaokolewa na kaka zake. Jane anaondoka kwa miguu yake. Na mke wa Rochester aliyefichwa Thornfield si maiti, yu hai na anacheka usiku. Huyo Bertha ndiye anayeifanya riwaya hii ya 1847 itishe kuliko ngano iliyoizaa.

Kuna ngano zetu zozote zilizofika huko? (Msomaji, Unguja)

Zipo, na zilitoka hapohapo ulipo. Mmisionari Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akaandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji, na mwaka 1870 akazichapisha London katika *Swahili Tales*, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoelekea. Mwaka 1901, mwaka aliofariki malkia, mwandishi Andrew Lang akatoa *The Violet Fairy Book*, na humo mna Sultani Darai na paa wake, Nunda mla watu, na Hasibu na mfalme wa nyoka. Mkasa wa kima, papa na punda wa dobi ukafuata mwaka 1910, katika kitabu cha mwisho kati ya 12 alivyovipa majina ya rangi. Jalada lilibeba jina la Lang, lakini sehemu kubwa ya tafsiri na usimulizi ilikuwa kazi ya mkewe, Leonora.

Isome ya paa sambamba na ile ya Ulaya ya paka mwenye viatu. Zote mbili ni za mnyama mjanja anayemtajirisha maskini na kumwoza binti wa mfalme. Paka anaishia kula raha. Paa anaugua, bwana wake anamnyima hata chakula cha maana, anakufa. Asubuhi bwana anaamka jaani, akichakura kama zamani. Kwangu mimi yetu ndiyo hadithi kamili.

Mwanangu ana miaka minane. Nianze na kipi? (Mama, Kigali)

*The Light Princess* ya George MacDonald (1864), kuhusu binti mfalme asiye na uzito, maana atacheka. Kisha *The Happy Prince* ya Oscar Wilde (1888), mkiwa pamoja, maana atalia. *The Water-Babies* ya Charles Kingsley (1863) iache kwanza: kisa cha mtoto mfagia dohani ni kizuri, ila kimejaa mawaidha marefu na dharau kwa Waayalandi na watu weusi. *Goblin Market* ya Christina Rossetti (1862), shairi la madada wawili na vibwengo wauza matunda, isome mwenyewe akishalala.