Muulize Mwalimu: hamira ya jikoni, insulini ya mzee na ndimu ya unga

Mwezi huu barua karibu zote zahusu vijidudu, sijui ni kusi imetuchosha au vipi. Nimechukua tano, zilizobaki mniwie radhi.

Mwalimu, asalaam aleikum. Nauza mahamri ya asubuhi hapa Mkomani, na tangu kusi ianze kuvuma unga hauumuki kabisa. Hamira ni ileile, unga uleule, tui nalipasha vizuri mpaka latoa moshi ndo nikande. Majirani wasema ni jicho. Kweli ni jicho? – Mama wa Mahamri, Lamu

Waaleikum salaam bi mkubwa. Ya jicho sina elimu nayo ila hilo tui linalotoa moshi ndo nalishuku mimi. Hamira unayoiona kama mchanga kwenye pakiti si unga, ni vijidudu hai, jamii ya kuvu, vimekaushwa vikalala tu, na kijiko kimoja cha chai kina mabilioni ya hivyo. Vikipata uvuguvugu na maji vinaamka, vinakula sukari, na vikila vinatoa gesi ileile iliyoko kwenye soda pamoja na pombe kidogo, sasa ile gesi ndo inanaswa ndani ya unga uliokandwa ukaiva mkono, unga unafura. Sasa wewe ukivimwagia tui la moto vinakufa palepale, ikifika kama nyuzi 60 hakuna kinachopona, halafu unakaa unangoja maiti ziumue unga.

Jaribu hivi: dondosha tui nyuma ya kiganja kama unavyopima maziwa ya mtoto, likikuchoma bado. Halafu tia hamira kwenye kikombe cha maji vuguvugu na sukari kidogo, ngoja dakika 10, ikitoa povu ni nzima, isipotoa usipoteze unga wako. Na kweli kusi nayo ina lake, hamira kwenye baridi inafanya kazi pole pole, kwa hivyo funika sufuria na leso nzito uiweke karibu na jiko, na ukande mapema zaidi ya ulivozoea ili unga upate muda. Sukari pia usizidishe mwanzoni, ikiwa nyingi inavifyonza maji vijidudu vyenyewe vinalegea.

Mimi mwenyewe usiku mmoja wa Ramadhani niliua pakiti nzima hivohivo na wageni wanangoja daku. Mama mkwe akashika hamri moja, akaligonga mezani, ko ko, akasema hili tungelipata zamani tungejengea ukuta. Hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Na kabla mtu hajaniandikia kuhusu hiyo pombe: ni chembe, na nyingi inaruka kwenye mafuta ya moto. Hukumu yake kaulizeni masheikh, mimi ni mtu wa maabara.

Babangu ana sukari, daktari kamwandikia sindano za insulini, yeye hataki hata kuziona, asema zimetokana na nguruwe. Tumebishana mpaka tumechoka. – Kijana wa Shela

Mwanangu, usibishane nae, mzee hajatunga. Insulini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, na kwa karibu miaka 60 ilikamuliwa kweli kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Ila dunia imebadilika. Mwaka 1978 wanasayansi Marekani walichukua maagizo yale ambayo mwili wa binadamu hutumia kutengeneza insulini wakayapachika ndani ya bakteria aitwae E. coli, jamaa zake wako wengi tu ndani ya matumbo yetu, na bakteria asiyejua hili wala lile akaanza kuitengeneza kama yake. 1982 ikaruhusiwa kuuzwa. Leo bakteria hao wanafugwa kwenye matangi makubwa, wanalishwa, wanavunwa, dawa inasafishwa.

Na hapa ndo pazuri, mwambie mzee taratibu akiwa anakunywa kahawa: kampuni ya dawa ya Novo Nordisk ya Denmark haitumii bakteria kwa insulini yake, yatumia hamira. Ndio, jamii ileile ya mahamri ya asubuhi, imepewa maagizo mengine tu. Mchukulie boksi la dawa mpaka kwa mfamasia amsomee mbele yake imetokana na nini, lakini asikae bila sindano akingoja nyinyi mumalize mjadala.

Ndimu ya unga ile tunayotia kwenye mabuyu na viazi, ni ndimu zimekaushwa zikasagwa? – Msichana wa Malindi

Hapana, na wengi mtashangaa. Ile ni asidi ya sitriki, ndo ukali wenyewe wa ndimu, na zamani ilitolewa kwenye malimau kweli, ya Italia hasa. Mwaka 1917 mkemia James Currie akaonyesha kwamba kuvu nyeusi, Aspergillus niger, ukiilisha sukari inamwaga asidi hiyohiyo kwa wingi, na viwanda vikahamia huko. Ushamenya kitunguu ukakuta masizi meusi kati ya maganda? Mara nyingi ni yeye huyo. Sasa analishwa molasi kwenye matangi, na ndo anaetia ukali kwenye soda na peremende pia. Mabuyu yako kula tu.

Nimesikia penisilini ilitokana na ukungu. Naweza kuweka mkate ulioota ukungu kwenye kidonda? – Bila jina

Usithubutu. Mwanasayansi Alexander Fleming mwaka 1928 kule London alirudi likizo akakuta ukungu umeota kwenye sahani yake ya bakteria na walio karibu nao wamekufa, sawa, lakini ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka Florey na Chain wa Oxford wakaisafisha ikawa dawa, na ukungu uliokuja kuzalisha nyingi ulitoka kwenye tikiti la sokoni Peoria, Marekani. Wa mkate wako ni mwingine na huenda una sumu. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, nenda kliniki.

Nina punda wanne Langoni, mavi yao yanaweza kutoa gesi ya kupikia? – Mwenye Punda

Yanaweza. Changanya na maji, fungia kwenye tangi lisiloingia hewa kabisa, vijidudu vyenyewe vishamo ndani, na vitatoa methani. Ila punda hacheui kama ng'ombe, mavi yake yana nyasi nyingi ambazo hazijasagika, itachukua muda zaidi, kwa hivyo ukipata ya ng'ombe changanya ya kuanzia. Na gesi ya kwanza iachie itoke nje usiiwashe, yaweza kuwa imechanganyika na hewa ya tangini, na hiyo ni hatari.