Mtihani kwa kompyuta: tunajibu barua za Lubumbashi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa shule za msingi zinazojiandaa kupima kusoma na hesabu kwa kompyuta badala ya karatasi. Zaidi ya nusu zinauliza ni mashine gani ya kununua. Hilo tumeliweka kando, maana mtihani wa aina hii mara nyingi haukwami kwa sababu mashine ni nzee. Unakwama kwenye ralonji (waya wa kurefusha umeme), kwenye klavie (kibodi) na kwenye betri ndogo kama sarafu ambayo hakuna aliyekumbuka kuitazama.

*Tuna kompyuta 20 na wanafunzi 240 wa mwaka wa sita. Tumepanga kumaliza kwa siku mbili. Tutaweza? (Direktere, Katuba)*

Hamtaweza, Bwana Direktere, ingawa mashine mlizonazo zinatosha. Hesabu yako ianze na 18, si 20. Mbili ni za akiba, na akiba maana yake mashine iliyowashwa, iliyo tayari kwenye ukurasa wa kuingilia, ikisubiri pembeni mwa chumba. Iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtoto ambaye dakika zake zinakwenda.

Wanafunzi 240 kwa mashine 18 ni makundi 14. Kila kundi lina mitihani miwili, basi vikao ni 28. Mtihani wa dakika 60 unakula dakika 100 za chumba: 20 za kuketisha watoto na kuandika nambari zao za kuingilia, 60 za kazi, 20 za kutuma majibu, kukusanya karatasi za mahesabu na kupanga chumba upya. Ukianza saa moja na nusu asubuhi, vikao 3 vitakufikisha saa sita na nusu mchana. Usiongeze cha nne. Watakaoingia humo watakuwa wamechoka kwa kungoja. Vikao 28 kwa 3 kila siku ni siku 10. Weka siku 2 kwa waliougua na kwa umeme uliokatika, utapata siku 12, yaani wiki mbili za Jumatatu hadi Jumamosi.

Hapo linazaliwa jambo ambalo barua yako haikuuliza. Katika siku 12 maswali yatatembea. Kundi la kwanza litayasimulia njiani, na kundi la kumi na nne litaingia likiwa na majibu. Kuchanganya mpangilio wa maswali kunamzuia mtoto kumchungulia jirani, lakini swali lenyewe linabaki lile lile kesho yake. Waulizeni walioandaa mtihani wana matoleo mangapi yenye uzito sawa. Tungependa yawe 4. Huko Marekani mtihani wa Smarter Balanced humchagulia mtoto swali linalofuata kwa kutazama alivyojibu lililotangulia, hivyo majirani wawili huona maswali tofauti. Lakini hiyo inadai ghala kubwa sana la maswali yaliyokwisha kujaribiwa, na shule moja haiwezi kulijenga. Kama toleo ni moja tu, msitumie alama zake kuamua nani apande na nani arudie.

*SNEL, shirika la umeme, inakata bila kutangaza. Tununue grupu ya nguvu gani? (Mhasibu wa shule, Ruashi)*

Kabla ya grupu, yaani jenereta, tazama aina ya kompyuta. Ya mezani pamoja na skrini yake inakula kama wati 100 hadi 150. Ishirini zinafika wati 2000 hadi 3000. Ya kupakata inakula wati 30 hadi 65, ishirini hazizidi 1300, na kila moja ina betri ndani. Kwa mtihani tungechagua ya kupakata iliyotumika kuliko ya mezani mpya, bila kusita.

Grupu iliyoandikwa 2,5 kVA inatoa takriban wati 2000, na si busara kuipakia zaidi ya robo tatu, yaani 1500. Inatosha kwa kompyuta za kupakata 20, na kwa za mezani itazimika au itaungua. Za mezani zinataka kama 5 kVA. Tena grupu haiwaki papo hapo. Katika dakika moja au mbili za kuivuta kamba, kila kompyuta ya mezani imekwisha kuzimika, kwa hiyo kila moja inadai onduleri yake, yaani kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda. Ya 650 VA ikiwa nzima huishikilia kompyuta moja kwa dakika kama kumi. Piga hesabu ya onduleri 20, halafu rudi kwenye bei ya kompyuta za kupakata.

Betri za kompyuta zilizotumika husema uongo: inaonyesha 100 kwa mia, baada ya dakika 15 imekufa. Zijaze zote usiku, asubuhi zichomoe, fungua mtihani wa majaribio na mwanga wa skrini kama utakaotumika, kisha andika kila moja inazimika dakika ya ngapi. Inayovuka 90 ikae popote. Isiyofika 90 ikae karibu na prizi (tundu la umeme), na nambari yake iandikwe kwenye plasta juu ya kifuniko. Isiyofika 10 ni kama ya mezani, ihesabu hivyo.

Sasa ralonji, ambayo inatutia hofu kuliko SNEL. Zile nyembamba za sokoni zina waya wa milimita za mraba 0,75, hata kama prizi yake imeandikwa 16 A. Ukichomeka ralonji ndani ya ralonji ndani ya ralonji, mzigo wote unapita kwenye ile ya kwanza. Tumia waya wa 2,5 kutoka ukutani, gawa chumba kwa laini mbili au tatu, na kama waya umeviringwa kwenye gurudumu, uukunjue wote. Ukiachwa umejikunja huku ukibeba mzigo, unapata moto hadi plastiki inayeyuka. Baada ya nusu saa ya kazi gusa kila plagi kwa mkono. Inayochoma mkono ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Na siku ya majaribio, katikati ya kikao, mtu azime umeme makusudi bila kuwaonya wasimamizi. Kinachotakiwa: watoto waondoe mikono kwenye klavie, msimamizi aandike saa iliyokatika na iliyorudi, na mtoto akiingia tena akute jibu lake la mwisho lipo na dakika zake zimesimama pale zilipokatikia. Kama saa ya mtihani iliendelea kuhesabu gizani, programu hiyo bado haijaiva. Irudisheni kwa walioileta.

*Watoto wanajua hesabu kwenye ubao, lakini kwenye kompyuta majibu yanatoka ya ajabu, mfano 25?4. Ni kirusi? (Mwalimu, komine ya Kenya, hapa Lubumbashi)*

Si kirusi, Mwalimu. Ni klavie ya Kifaransa, AZERTY. Tarakimu za mstari wa juu hazitoki bila kushika kibonye cha Maj (Shift), na mkato wa desimali unatoka bila Maj. Mtoto anayeandika 25,4 anapaswa kushika Maj kwa 25, kuiachia kwa mkato, kisha kuishika tena kwa 4. Akisahau kuiachia anapata alama ya kuuliza. Wewe ulisahihisha 25?4 kama kosa, na alikuwa amepata.

Kuna mengine ya ukoo huo. Kwenye Windows, ukibonyeza Maj mara 5 mfululizo, au ukiishikilia ile ya kulia kwa sekunde 8, linajitokeza dirisha linalouliza kama unataka kuwasha vibonye vya kunata au vya kuchuja. Mtoto anayeshika Maj huku jicho likitafuta 7 anafika sekunde 8 bila kujua, kisha anabofya «ndiyo» ili dirisha limwondokee, na kuanzia hapo klavie haimsikii. Zima mambo hayo mawili kwenye kila mashine. Dawa nyepesi zaidi ni kununua vibao vidogo vya tarakimu vya kuchomeka pembeni, ukihakikisha Verr Num (Num Lock) imewaka. Lakini kwenye kibao hicho kitufe cha desimali kawaida hutoa nukta. Kwa hiyo programu ikubali 25,4 na 25.4 kama jibu moja, na hilo lijaribiwe kabla, si kuahidiwa kwa simu.

Kompyuta zilizotumika kutoka Uingereza au Marekani huja na klavie ya Kiingereza, QWERTY. Mtu wa duka anaweza kuigeuza AZERTY ndani ya programu bila kugusa vibonye: mtoto anabonyeza A, inatoka Q, anabonyeza M, unatoka mkato. Bandika vibandiko au acha klavie ifuate maandishi yake. Chumba kimoja, klavie za aina moja. Watoto wakijifunzia AZERTY na kufanyia mtihani QWERTY, mnapima kitu kingine.

Kwa mtihani wa kusoma Kiswahili, tazameni neno *ng'ombe*. Alama ile ya juu iko chini ya tarakimu 4. Tableti nyingine huandika iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kompyuta inayosahihisha herufi kwa herufi huona maneno mawili tofauti. Isitoshe, hapa kwetu wengi wanaandika *ngombe* bila alama yoyote. Kama mnapima ufahamu wa habari, pokeeni zote tatu; kama mnapima tahajia, semeni hivyo mapema. Halafu zimeni kisahihishi cha Kifaransa, ambacho hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili hadi mtoto anafuta jibu lililo sahihi.

*Intaneti yetu ni ya simu. Tutafanyaje? (Prefe, Kampemba)*

Msifanye mtihani kwa intaneti, Bwana Prefe. Hata kwa wenye mitambo mikubwa imewahi kugoma: Aprili 2015 majimbo ya Nevada, Montana na North Dakota yalilazimika kusimamisha mtihani mpya wa kompyuta kwa sababu ya hitilafu za seva. Dai mfumo unaopakua mtihani jana yake, ukiwa umefungwa kwa siri, hadi kwenye kompyuta moja ya shule. Nyingine zote zinaunganishwa na hiyo kwa nyaya na swichi ya matundu 24. Waya mmoja usizidi mita 100. Majibu yanatumwa jioni kwa simu, hata ikichukua saa moja. Mkilazimika kutumia Wi-Fi, kisanduku cha nyumbani huanza kulemewa mashine zikizidi 15 hivi, basi wekeni viwili, kimoja kwenye chaneli 1 na kingine 11.

Ile betri ya sarafu inaitwa CR2032, na ndiyo inayotunza saa ya kompyuta. Ikiisha, mashine iliyochomolewa usiku huamka asubuhi ikidhani ni miaka mingi nyuma, na mtihani unakataa kufunguka: eti bado haujafika, au kiungo si salama. Fundi atafuta programu na kuiweka tena, bila faida. Tazama tarehe kwanza. Betri mpya ni ya volti 3. Iliyoshuka chini ya 2,8 itupe.

*Mwanangu hajawahi kugusa kompyuta. Si ataonewa? (Mama, Kamalondo)*

Ataonewa, Mama, kama ataigusa mara ya kwanza siku ya mtihani. Omba shule impe vipindi 2 vya dakika 30 kwa wiki, kwa wiki 6. Si lazima ajue kuandika kwa vidole kumi. Ajue kuteremsha ukurasa, maana wengi hujibu maswali wakiwa wamesoma nusu ya habari, hawajui kwamba inaendelea chini. Ajue kwamba kiduara kinapokea jibu moja na kimraba kinapokea zaidi ya moja. Ajue kurudi kwenye swali aliloruka.

Na alama zake za mwaka huu zisilinganishwe na za karatasi za mwaka jana. Nchi zilizohamia kompyuta katika TIMSS 2019, mtihani wa kimataifa wa hesabu na sayansi, zilipima pia kundi lingine kwa karatasi, ili kuona tofauti inatoka kwa mtoto au kwa chombo. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo kwa udogo: darasa moja lifanye maswali 20 kwa karatasi na mengine 20 yenye uzito ule ule kwa kompyuta. Anayepata 16 kwa karatasi na 9 kwa kompyuta hahitaji somo la hesabu.

*Karatasi za mahesabu ziruhusiwe? (Mwalimu, Katuba)*

Ziruhusiwe, tena zitolewe na shule: A4 moja nyeupe kwa kila mtoto, yenye nambari yake, ikusanywe kabla hajatoka mlangoni. Wasipopewa hukisia kichwani, au huandika mezani.