Sonata ya mwisho ya Schubert: dakika 15 au 24?

SWALI: Ninafundisha piano mjini Jinja. Mwanafunzi wangu ameniletea rekodi tatu za Sonata D. 960 (nambari yake katika orodha ya kazi za mtunzi) ya Schubert, kila moja ya mpiga piano tofauti. Sehemu ya kwanza inachukua takriban dakika 15 kwa Alfred Brendel, 21 kwa Wilhelm Kempff, na zaidi ya 24 kwa Sviatoslav Richter. Ni nani aliyezifuata nota, na kijana huyu amfuate nani?

JIBU: Mwalimu, usilinganishe kasi kabla hujajua nani amerudia na nani hakurudia. Schubert, aliyeimaliza sonata hii Septemba 1828, miezi miwili hivi kabla ya kufariki, aliweka alama ya kurudia baada ya fungu la kwanza la sehemu hiyo, ambalo peke yake ni karibu thuluthi ya sehemu nzima. Kempff na Richter wanaitii alama hiyo, Brendel anaipita. Ukimwongezea Brendel thuluthi yake, anafika dakika 20 hivi, yaani karibu sawa na Kempff. Anayekwenda polepole kweli ni Richter peke yake, hata agizo la Schubert la mwendo wa wastani linageuka kuwa mwendo wa taratibu mno.

Suala la kurudia si la urefu tu. Kabla ya kurudi mwanzo, Schubert aliandika baa (vipimo vya mapigo) tisa ambazo hazipatikani popote pengine katika sonata hii, na ndani yake ile trili (noti mbili jirani zinazopigwa kwa kupishana haraka) ya noti za chini, ambayo kwenye baa ya nane ilinong'ona, inapigwa kwa nguvu zote. Brendel alitetea uamuzi wake kwa hoja kwamba baa hizo ni ngeni kwa muziki unaozizunguka. Namheshimu sana, lakini kwangu ugeni huo ndio sababu ya kuzipiga: asiyezisikia hajui kwamba mnong'ono ule ulikuwa na ghadhabu ndani yake.

Baada ya hapo, linganisheni baa tisa zinazoifungua sonata tu, mkiwa na metronomu (kifaa cha kupimia kasi). Sikilizeni kama wimbo wa juu unaimba kwa pumzi ndefu, kama trili inasikika noti moja moja au kama ngurumo ya mbali, na kimya kinachoifuata kinaachwa kwa muda gani. Msitumie spika ya simu, kwa maana sauti nzito kiasi hicho inapotea kabisa humo. Tafuteni hedifoni nzuri. Kempff anaimba kuliko wote. Kwa Richter, kimya chenyewe kinakuwa sehemu ya wimbo. Mpiga piano wa Kanada Glenn Gould, ambaye kwa kawaida alichoshwa na marudio ya Schubert, alisimulia jinsi alivyotekwa alipomsikia Richter akiipiga sonata hii Moscow mwaka 1957.

Hata hivyo, kijana asimwige Richter. Mwendo ule unahitaji piano kubwa ambayo sauti yake hudumu muda mrefu baada ya kibao kupigwa. Kwenye piano za kusimama tulizo nazo nyingi hapa Uganda, au kinanda cha umeme, noti ndefu hufifia kabla ya inayofuata kufika, na wimbo unakatika. Aanze na kasi ya Kempff, arudie kama nota zinavyoagiza, kisha apunguze mwendo kidogo kidogo mpaka pale ambapo piano yake mwenyewe inashindwa kuunganisha noti mbili za wimbo.