Kabla Hujamtia Mwanao Jina la Mtandaoni

Kila mwaka wa masomo ukianza, mimi ndiye ninayeandikisha darasa la kwanza katika skuli yetu hapa Wete, Pemba. Zamani daftari lilijaa akina Hamad, Shaame, Faki, Time, Mize na Riziki. Sasa wamo pia akina Eren waliotoka kwenye katuni za Kijapani, akina Aylin wa tamthilia za Kituruki, na wengine ambao mama zao waliyapenda majina hayo kwenye TikTok hata mimba haijaonekana vizuri. Watoto ni wazuri wote, na wote nawapenda. Neno langu ni kwa mzazi ambaye mtoto bado hajazaliwa na jina ameshalihifadhi kwenye simu: hilo lifanyeni la kuitana nyumbani, kwenye cheti cha kuzaliwa andikeni jingine.

Upya wa jina haunisumbui. Wazee wetu walikuwa wepesi kumtia mtoto jina la wakati wake. Aliyezaliwa Alkhamisi aliitwa Khamis, wa Ijumaa akawa Juma, wa Mfunguo Tatu akawa Haji, wa mwezi wa kufunga akawa Ramadhani. Lakini Ijumaa hurudi kila wiki, na Ramadhani hurudi kila mwaka, ndiyo maana Juma wa miaka sabini hamshangazi mtu. Mambo ya mtandaoni yakishapita hayarudi.

Mwaka 2011, Rais Hosni Mubarak alipoondoka madarakani, baba mmoja wa Misri alimwita bintiye Facebook, kwa furaha ya mtandao uliowasaidia vijana kukusanyana. Siku ile ilikuwa heshima kubwa. Miaka 10 baadaye kampuni yenyewe ikajibadilisha jina ikawa Meta, na mwaka 2023 Twitter nayo ikawa X. Kampuni ina mawakili na fedha za kubadilisha mabango yake, mtoto hana. Jimbo la Sonora huko Mexico mwaka 2014 lilipiga marufuku orodha nzima ya majina, Facebook na Robocop yakiwemo, ili watoto wasije wakadhihakiwa na wenzao. Hata Elon Musk, kwa utajiri wake wote, alipompa mwanawe jina X Æ A-12 mwaka 2020, ilibidi aiondoe ile 12 kwa sababu California hairuhusu tarakimu kwenye jina.

Sisi tuna jambo jingine ambalo wao hawana, na hili ndilo ninalotaka ulifikirie sana. Wengi wetu hapa hatuandiki jina la ukoo. Tunaandika la mtoto, la baba na la babu. Tuseme wewe ni Kombo na mwanao wa kiume umemwita Hashtag. Mjukuu wako atakuwa Asha Hashtag Kombo. Kaka yake Asha, Salum, akizaa, kitukuu chako kitakuwa Mcha Salum Hashtag. Na siku ya kuozeshwa Asha, sheikh atatamka mbele ya wazee wa pande mbili: Asha binti Hashtag. Jina ulilolichagua usiku mmoja ukiwa na simu mkononi limeshabebwa na watu ambao hukuwauliza. Hata wewe mwenyewe utalibeba, kwa sababu mtoto akiwa ndiye wa mwanzo, mtaa mzima utakuita mama yake au baba yake kwa jina hilo hadi uzee.

Halafu kuna maandishi. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake kuandikishwa. Kwenye cheti ameandikwa Jaydenn, kwa n mbili. Kwenye kadi ya kliniki, Jeiden. Karatasi ya chuo cha Kurani inasema Jadini. Nikaliita jina kama lilivyo kwenye cheti, mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha shati. Bibi akamgusa bega: “Babu, mwalimu anakwita.” Ndipo akainua kichwa. Kila herufi iliyozidi pale itamfuata kwenye vyeti vya mitihani, kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kwenye pasi ya kusafiria. Karatasi mbili zisipolingana, ataambiwa akale kiapo kwa wakili, kwa fedha zake.

Mwenye hamu na jina la kipekee asikate tamaa, kwani sisi tuna majina ya utani tangu zamani. Bi Kidude jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Kidude aliitwa kwa udogo aliozaliwa nao, na ndilo lililosimama naye majukwaani hadi tuzo ya muziki wa dunia ya WOMEX, mwaka 2005. Jina la namna hiyo humkaa mwenyewe, na asipolitaka akikua huliacha bila ya kwenda ofisi yoyote.

Kwa la cheti, dini imetwambia majina yanayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman, na mlango wa majina mengine mazuri haukufungwa. Kabla ya siku ya saba, litamkeni pamoja na la baba na la babu. Mpeni bibi wa nyumba alitaje. Akilitaja mara mbili kwa namna mbili, tafuteni jingine, au mchukulieni somo wa shangazi au babu mnayempenda. Kisha liandikeni kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, na anayekwenda kuandikisha akiwa na tangazo la uzazi aende nacho mkononi, asiseme kwa mdomo tu.

Ukiwa umeshaandikisha na roho haijatulia, anza kwa sheha wako, kisha nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii na cheti hicho, mtoto akiwa bado hajaingia skuli. Wakati huo karatasi ya kurekebisha ni hiyo moja.