Mgonjwa wa MND: angalieni pumzi na uzito mapema

Familia ikishaambiwa kwamba mgonjwa wao ana ugonjwa wa niuroni za mwendo, ule unaoitwa MND au ALS, ambao neva zinazoendesha misuli hufa na misuli ikadhoofika, swali la kwanza huwa: amebakiza muda gani? Sisi tulijibiwa kwamba wengi huishi miaka miwili hadi minne tangu dalili zianze. Ni kweli, ila huo ni wastani, na takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi huvuka miaka kumi. Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking aligundulika kuwa nao mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akafariki 2018 akiwa na miaka 76. Kama yeye ni wachache mno, na sitaki kumpa mtu tumaini la bure. Ninachosema ni kwamba ugonjwa huu hauna mwendo mmoja. Ulioanzia kwenye ulimi na koo kwa kawaida huenda kasi kuliko ulioanzia mkononi au mguuni.

Kaka yangu ulimwanzia mkono wa kulia, vifungo vya shati vikawa vinamshinda. Wageni wakija humtazama mikono na miguu, wakauliza kama bado anatembea. Mimi nakuomba utazame kifua. Wagonjwa wengi huondoka kwa sababu misuli ya kupumua imechoka, na dalili zake huanza usiku. Aliyeziona ni mkewe. Aliniambia, "Wifi, kaka yako siku hizi hawezi kulala chali. Analalia mito mitatu, na akiamka tu kichwa kinamgonga." Mchana naye anasinzia mtu akiwa bado anaongea naye. Ukiona hayo usingoje tarehe ya kliniki. Omba apimwe nguvu ya pumzi, akiwa amekaa na akiwa amelala.

Mashine ya kusaidia kupumua, ile ya barakoa inayovaliwa usiku, ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao koo lao halijaathirika sana, mashine iliongeza takriban miezi saba, na usingizi ukawa bora. Riluzoli, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, katika majaribio iliongeza kama miezi miwili au mitatu. Kaka anaimeza asubuhi na jioni, na damu yake hupimwa kuangalia ini. Sisemi uiache; nasema usiishie kwenye vidonge. Na mtu akikushauri ununue mtungi wa oksijeni, muulize daktari kwanza. Tatizo hapa ni misuli kushindwa kusukuma hewa, na oksijeni peke yake inaweza kufanya hewa chafu irundikane mwilini. Mkipata mashine, tafuteni na betri yake, maana umeme wetu mnaujua.

Jambo la pili ni uzito. Anayekonda haraka huwa na maisha mafupi zaidi, kwa hiyo hapa nyumbani mizani hutoka kila wiki. Mtori mzito uliotiwa siagi, parachichi, uji wa karanga: vinashuka vizuri na vina nguvu. Mpira wa kulishia tumboni ujadiliwe angali anakula mwenyewe, kwa sababu kuuweka pumzi ikiwa imeshuka sana ni hatari zaidi.

Kama kwenye ukoo wenu kuna wengine waliougua, ulizeni kipimo cha vinasaba. Toferseni, dawa iliyoidhinishwa Marekani 2023, inawahusu wenye hitilafu ya jeni ya SOD1, takriban wawili kati ya wagonjwa mia.

Halafu kuna maamuzi. Muulizeni mgonjwa mwenyewe sauti yake ikiwa bado inasikika, tena akiwa ametulia, siyo siku ya kukimbizwa hospitali. Wengi akili zao hubaki timamu, lakini wapo ambao ugonjwa hugusa kufikiri na tabia, hivyo msichelewe. Kaka amekubali mashine ya barakoa na mpira wa tumboni. Kutobolewa koo ili apumulie mashine amekataa. Tumeyaandika, mkewe ana nakala, na nyingine iko kwenye faili lake la kliniki.