Kamba, jodari na kipimo cha mzio

SWALI: Assalamu alaykum. Mwanangu wa kike ana miaka 3. Mwezi uliopita tulikula jodari wa kupaka, akawa mwekundu uso mzima na akawashwa. Baba yake naye akalalamika mdomo unamchoma. Wiki iliyopita alikula kamba wawili. Haikufika robo saa, midomo ikavimba na mabaka yakamtoka shingoni na tumboni. Tangu hapo simpi samaki, yai wala maziwa. Jirani anasema nimpeleke Unguja akapimwe vyakula vyote. Nimpeleke? (Mama, Wete)

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Mpeleke, lakini akapimwe kamba, si vyakula vyote.

Jodari tunamwona ana kesi yake mwenyewe, kwa sababu baba naye alidhurika. Jodari akikaa bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na histamini ndiyo hiyo hiyo mwili huimwaga mtu anapopata mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana. Kupika hakuiondoi, wala friza. Mweleze daktari kama mtoto alikuwa akila samaki siku zote bila tatizo.

Kamba ni jambo jingine: dalili ndani ya saa mbili, tena midomo kuvimba, ndiyo sura ya mzio wa kweli. Usimjaribishe tena nyumbani, hata kipande.

Kwa nini si vyakula vyote? Kipimo huonyesha kwamba damu ina kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya chakula fulani; hakithibitishi kwamba chakula hicho kinamdhuru. Minyoo na kichocho, tunavyovijua sana Pemba, hupandisha kingamwili za aina hiyo. Mende na wadudu wa vumbi la godoro nao wana protini inayofanana na ya kamba. Ukipima kila kitu utarudi na orodha ndefu ya vyakula ambavyo mtoto anakula kila siku na hana neno, kisha utamnyima. Hilo linatuumiza kuliko yote. Kama yai na maziwa alikuwa akila salama, mrudishie leo.

Kabla ya kukata tiketi ya boti, piga simu uulize kama wanapima kamba peke yake na kama yupo daktari wa kuyasoma majibu. Kipimo cha ngozi ni tone lenye protini ya kamba na kichomo kidogo mkononi, kisha mnasubiri dakika 15 hadi 20. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kwamba ngozi imejibu. Setirizini na dawa nyingine za kuzuia muwasho ziachwe siku 5 hadi 7 kabla, la sivyo ngozi haitajibu. Kama haziwezi kuachwa, kipo cha damu. Andika alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, na umpige picha mabaka yakitoka.

Akianza kukoroma kifua, sauti kukauka, kutapika mfululizo au kulegea, mkimbize hospitali iliyo karibu. Mlaze, miguu juu. Akihema kwa shida mwache akae, ila asitembee. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani. Setirizini haifungui koo, usikae kuisubiri.

Hadi majibu yatoke, zuia kamba, kaa na uduvi, pamoja na bajia zilizokaangwa mafuta yaliyopikiwa kamba. Pweza na ngisi muulize daktari kwanza.