Kufunga daunriga kwenye boti ndogo: soma kabla hujatoboa faiba

Vijana wanaokuja kuuliza habari za daunriga, swali lao la kwanza huwa bei, la pili ni wapi itafungwa. Mimi naanzia kwengine: tufe likinasa kwenye mwamba, na mkondo bado unaisukuma boti, nini kitaachia? Kama jawabu huna, bado usinunue kitu.

Kwa ambao hawajaiona, daunriga ni winchi ndogo inayokaa ukingoni mwa boti. Ina gurudumu la waya mwembamba wa stenlesi au kamba ya kusuka, ina mkono unaotokeza nje ya boti, na mwisho wa waya linaning'inia tufe la risasi la kilo 4 au 5. Karibu na tufe kuna kibanio. Mshipi unaotoka kwenye rodi unabanwa hapo, unashuka na tufe mpaka kina unachokitaka, na chambo kinafuata nyuma. Samaki akipiga, kibanio kinauachia mshipi. Tufe linabaki na waya wake, wewe unabaki na samaki wako. Ukirambaza, yaani ukivua huku boti inakokota chambo, kwa chubwi nzito iliyofungwa kwenye mshipi wenyewe, mpaka samaki afike juu mkono umeshakufa ganzi, na nusu ya uzito uliouvuta ni chubwi.

Chombo hichi hakikutengenezwa kwa bahari yetu. Kilipata umaarufu kwenye Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, baada ya jimbo la Michigan kuanza kupandikiza samoni aina ya coho mwaka 1966. Samoni hupenda maji ya baridi, nyuzi kama 10 hadi 13 za Selsiasi. Kiangazi maji ya juu yakipata joto yeye hushuka, na wavuvi wakataka njia ya kumfuata huko chini huku wakirambaza polepole, mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 2 hadi 3. Karatasi ya maelekezo utakayoikuta kwenye boksi imeandikwa kwa ajili ya mvuvi huyo. Sisi tunarambaza nguru, songoro na kolekole, tena kando ya matumbawe, tena ndani ya mkondo. Maelekezo yale yasome, lakini ujue mwandishi wake hakuwahi kuiona Nungwi wakati wa kusi.

Tuanze na pahala pa kufunga. Nazungumzia boti ya faiba ya futi 18 hadi 22 yenye mashine moja nyuma. Daunriga ikae upande, karibu na tezi, pahala ambapo unaweza kulishika tufe bila kuinama nje ya boti. Kabla hujatoboa, ifanyieni boti jaribio ikiwa juu pwani: mmoja ashike kamba pale mkono wa daunriga utakapokuwa, mwengine aivute kwenda chini na nyuma kama waya utakavyolala ukiwa majini, wa tatu ageuze mashine mpaka mwisho, kushoto kisha kulia. Kamba ikilikaribia pangaboi, sogea mbele. Jaribio hili ni la dakika chache na halina gharama, na bado watu wengi hawalifanyi.

Skrubu msitumie. Ukingo wa faiba ni mwembamba, na tufe la kilo 5 likiwa linadunda kwenye wimbi linavuta zaidi ya kilo 5. Pitisha bolti za stenlesi kutoka juu mpaka chini, na chini weka kibati cha alumini au ubao mzito, washa pana, kisha nati. Tia silikoni ndani ya kila tundu. Boti nyingi zina ubao ndani ya faiba, na maji ya chumvi yakishaingia ubao unaoza kimyakimya, hujui mpaka siku bolti inapotoka na kipande chake.

Mwenye mashua ya mbao asifunge kwenye ukingo, afunge kwenye ubao imara uliokingama. Mwenye ngalawa namshauri aachane nayo. Matengo na waya havikai pamoja.

Moja au mbili? Moja. Najua picha za mtandaoni zina nne. Boti zile zina watu wa kuziangalia, na maji yale hayana mkondo kama wa Mkondo wa Pemba. Nunueni ya kuzungusha kwa mkono, msinunue ya umeme. Ya umeme inataka betri ya volti 12 yenye nguvu na nyaya nene, na kila kiungo cha waya ndani ya boti ya wazi kitaliwa na chumvi. Kuivuta kilo 5 kutoka pima 10 si kazi ya kumtoa mtu jasho.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, kwa sababu hapa ndipo penye roho za watu.

Vitu vitatu lazima vijue kuachia. Cha kwanza ni kiungo baina ya waya na tufe. Usilifunge tufe moja kwa moja kwenye waya. Weka katikati kipande kifupi cha mshipi ambao ni dhaifu kuliko waya, kiasi cha kilo 40 hivi. Utabeba tufe na mitikisiko ya wimbi, lakini utakatika kabla ukingo wa boti haujakwenda chini. Utapoteza risasi, boti utarudi nayo.

Cha pili ni klachi ya winchi. Wageni huikaza mpaka mwisho kwa sababu tufe liliwaponyoka mara moja. Ikaze kiasi cha kulizuia tufe lisishuke lenyewe boti inapoyumba, basi. Ukiushika waya kwa glavu na ukauvuta kwa nguvu, gurudumu lizunguke na waya utoke. Lijaribuni hili kila asubuhi kabla ya kuondoka, kwani chumvi huishika klachi usiku mmoja tu.

Cha tatu ni kisu. Mimi nimeuacha waya wa stenlesi na kutumia kamba ya kusuka, na sababu kubwa ni hii: kamba inakatika kwa kisu, waya unataka koleo maalumu ambalo ukilihitaji liko chini ya ndoo. Waya pia huvuma ukiwa unakokotwa, na ukikutana na madini mengine kwenye maji ya chumvi unazaa umeme mdogo. Wavuvi wa samoni pwani ya Kanada hulipima jambo hilo kwa makini, wengine wana hata kifaa cha kulirekebisha. Ubaya wa kamba ni kuwa matumbawe huichuna. Kila ukiirudisha, pitisha vidole pima mbili za mwisho, ukihisi manyoya kata kipande hicho na ufunge upya.

Tufe likinasa, hatua ni hizi, na nahodha azijue kwa moyo. Legeza klachi hapo hapo ili waya utoke. Toa mashine kwenye gia. Usirudi kinyumenyume kwa kasi: tezi ndiyo sehemu ya chini kabisa ya boti ndogo, na mkondo unaovuta kutoka nyuma pamoja na wimbi linalopanda tezi vinaijaza boti maji mara moja. Geuza omo liangalie mkondo, zunguka taratibu upande wa pili wa pale ulipotoka, na mara nyingi tufe linachomoka lenyewe kwa njia lililoingilia. Waya ukikaribia kwisha kabla hujageuka, kata. Na asitokee mtu wa kuuzungushia mkononi ili aokoe risasi.

Kuhusu kina, msiamini mita ya winchi peke yake. Mita inahesabu waya uliotoka, haihesabu kina. Tufe likikokotwa linarudi nyuma, na waya unalala. Umetoa pima 15: ukilala nyuzi 30 kutoka wima, tufe liko kwenye pima 13, ukilala nyuzi 45, yaani katikati ya wima na ulalo, liko kama pima 10 na nusu. Ukiwinda samaki anayepita pima 14, chambo chako kinapita juu ya kichwa chake siku nzima.

Na GPS nayo itakudanganya, hili watu wa maziwani hawana haja ya kulijua sana. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unazidi nguvu. Tuseme siku hiyo una noti 2. Ukienda kaskazini na GPS ikaonesha noti 4, chambo kinapita majini kwa noti 2 tu. Geuka kusini kwa noti 4 hizo hizo za GPS, chambo sasa kinakwenda noti 6, tufe limepanda juu, na kibua wako wa chambo amechanika. Kwa hivyo macho yawe kwenye waya. Tafuta ulalo unaoridhika nao, kisha ongeza au punguza mafuta kuuweka pale pale, upande wowote unaokwenda. GPS iache ikuoneshe njia ya kurudi.

Tia alama kwenye kamba kila pima 5 kwa uzi wa rangi, kila rangi na idadi yake. Kipima kina kikifa, alama hazifi. Tufe liwe juu ya mwamba kwa pima 3 angalau, na kingo za Leven Bank (mwamba wa chini ya maji baina ya Unguja na Pemba) au za Pemba upande wa magharibi zinapanda ghafla, kwa hivyo anayeangalia kipima kina awe na kazi hiyo tu.

Chambo. Maji yetu ni maangavu, kwa hivyo acheni mshipi pima 10 hivi baina ya kibanio na chambo, zaidi kama tufe halikushuka sana. Chuchunge mzima au kibua anafaa. Nguru ana meno ya msumeno na hupenda kukata mkia kwanza, basi weka waya mfupi na ndoana mbili, ya pili ikae karibu na mkia. Mwenye ndoana moja kichwani atarudi na vichwa vya vibua.

Kibanio cha dukani kikikosekana, mpira mdogo wa kufungia noti za pesa unatosha. Uzungushe kwenye mshipi mara tano au sita, upitishe ndani ya kitanzi chake wenyewe, kaza, na kitanzi kinachobaki kitie kwenye ndoano ya tufe. Samaki akipiga, mpira unakatika. Kama unakatika kwa wimbi tu, tumia mnene zaidi. Baada ya kushusha, kaza rili mpaka ncha ya rodi ipinde kuelekea majini. Ncha ikiruka juu na kunyooka, ameshapiga: zungusha rili haraka mpaka mshipi ukaze, na nahodha asipunguze mwendo kabla ya hapo. Halafu mwengine apandishe tufe. Likibaki chini, nguru ataizunguka kamba yake na hapo mmekosa vyote viwili. Tufe likitoka majini likamateni mara moja, maana likipigwa na wimbi linatoboa faiba na linavunja goti.

Kabla ya kushusha, angalieni machelezo. Chini ya chelezo kuna dema la mtu, na tufe likilibeba mtakuwa na kesi ya haki kabisa. Alfajiri kuna majarife ambayo bado hayajapandishwa. Misali kuna eneo lililofungwa kabisa kwa uvuvi, na Mnemba pia kuna masharti yake, basi mwende kwa kamati ya wavuvi ya shehia muulize mipaka, na leseni iwe mkononi.

Siku ya kwanza msiende mwambani. Chagueni maji mafu, mwende pahala penye mchanga mtupu chini, hata hapo baina ya Tumbatu na Mkokotoni panatosha, bila ya ndoana wala chambo. Shusheni tufe, pandisheni, geukeni kulia na kushoto, likokoteni mchangani kwa makusudi muone klachi inavyotoa. Kila mtu ndani ya boti afanye kila kazi, na nahodha naye pia. Mkirudi, oshea winchi maji baridi, toa gurudumu, pakaa grisi kidogo kwenye ekseli, na tufe lisilale juu ya faiba.